Mtu anamwaga chachu ya mwenzake halafu anasubiri ashukuriwe!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule jirani wa hapa Uyole, Mbeya, mnamjua, hata kuku wangu wanamjua, leo kanimwagia chachu ya komoni, pombe yetu ya kienyeji. Yote! Halafu kaninyooshea ndoo inameremeta: "Dada, nimekuoshea, ilikuwa imechacha."

Imechacha! Chachu imechacha!

Ile ni sira nzito ya chini ya komoni ya wiki iliyopita, iliyoumuka mpaka mfuniko ukacheza. Nachota kama nusu lita, nafunika, naweka ubaridini, na kwa Juni hii Uyole nzima ni friji. Pipa linalofuata napoza uji hadi kidole kivumilie, maana wa moto unaiua, ndipo namimina. Jioni povu lishaanza. Bila hiyo nabaki na kimea peke yake, yaani ulezi uliooteshwa, na kwa baridi hii nitasubiri hadi wateja wote wamehama.

Yeye kachukua sabuni ya unga, kasugua mpaka mshikio. "Nimekuoshea." Mbegu ninayoizungusha tangu Pasaka!

Mzee wa Mwanjelwa: Tangu Pasaka? Huyo jirani kaokoa matumbo ya watu. Ukirudia sana bakteria wa uchachu wanaizidi hamira, komoni inakuwa siki. Mizunguko minne mitano, anza upya.

Mama Pipa (mwenye uzi): Kila mzunguko naonja na kunusa kwanza, ikiwa kali namwaga MIMI. Siki iko moyoni mwa jirani. Eti "nimekuoshea"!

Mtu wa Ilula: Afadhali wewe umemwagiwa chako. Huku tunauziwa ulanzi, pombe ya mwanzi, nusu maji ya bomba, na mgema anakuapia umetoka kwenye mwanzi asubuhi hii.

Kimea Safi: Bei ya ulezi mmeiona lakini? Uloweke, uoteshe, uanike, mvua ikupitie, halafu mteja anataka kukopa.

Mama Pipa: Jamani, nani Uyole ana sira ya komoni safi, kopo moja tu, nifuate kesho alfajiri?

Mzee wa Mwanjelwa: Kwa jirani kuna sabuni.

Binti Njombe: Mtu wa Ilula, msiokunywa ulanzi wa Njombe msiuongelee.

Mtu wa Ilula: Njombe? Ule mtamu kama togwa ya watoto?

Binti Njombe: Subiri huo ulanzi ulale siku mbili ndipo uje useme hivyo.