Miaka 47, kilo 84: nile protini kiasi gani ndipo nipungue? Naombeni ushauri

Mama Pacha wa Tegeta

Wakuu habari za jioni. Ni msomaji wa kimya kimya humu kwa muda mrefu, leo yamenifika shingoni.

Nina miaka 47, urefu sentimita 158, uzito kilo 84. Mpaka naingia 42 nilikuwa nacheza kwenye 68, 70, na chakula ni hiki hiki ninachokula sasa. Mwaka jana hedhi ikaanza kuruka: mwezi huu ipo, miezi miwili haipo. Usiku joto linanipanda natupa shuka, baada ya dakika tano nalitafuta tena. Na unene wenyewe si kama wa zamani. Mikono na mapaja naona yananywea, kinachokua ni tumbo tu.

Mwezi wa tatu nilifuata ule mlo wa mayai ya kuchemsha na matango, siku 14. Nikashuka kilo 5, nikatamba kazini mpaka wenzangu wakanichoka. Mwezi wa sita zimerudi zote na moja ya nyongeza. Sasa kuna dada kazini anauza kopo la unga wa protini, laki na ishirini. Anasema mwanamke akifika umri huu bila protini nyingi hapungui ng'o. Ni kweli? Na kama ni kweli, kiasi gani kwa siku? Maana mimi naona protini nakula, kwangu nyama haikosi. Sukari, presha na figo nimepima mwezi uliopita, viko sawa.

Kijana wa Geti Kali

Mwanamke mwili bwana. Kilo 84 ndiyo kwanza unaonekana umetunzwa. Kula maisha.

Bi Harusi Mstaafu

@Kijana wa Geti Kali kaulize magoti yake yanasemaje akipanda ngazi, halafu urudi hapa.

Nesi wa Zamani

Mdogo wangu pole, na karibu kwenye chama. Hayo ya hedhi kuruka na joto la usiku ni mwili unajiandaa kufunga duka, wengi wetu linafungwa karibu na miaka 50. Homoni ya estrojeni ikishuka, mafuta yaliyokuwa yanakaa kwenye nyonga na mapaja yanahamia tumboni. Wakati huo huo misuli inapungua, nayo ilianza kupungua tangu kwenye miaka ya thelathini, ila ulikuwa huioni. Ndiyo maana mikono inanywea na mzani unapanda.

Mlo wako wa mayai na matango ulikupunguza kwa njaa. Sehemu ya kilo zile 5 ilikuwa maji, sehemu ilikuwa misuli. Uliporudi kwenye chakula chako, kilichorudi ni maji na mafuta.

Kuhusu kiasi: kiwango cha chini cha mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito. Hicho ni cha kukuzuia usipungukiwe tu. Mtu wa umri wako anayepunguza uzito wengi humpandisha kwenye 1.2 hivi, wengine hadi 1.6. Ila usipige hesabu kwa 84, piga kwa uzito unaoutaka. Tuseme 68. Mara 1.2 ni kama gramu 82 kwa siku.

Na aliye na tatizo la figo asichukue namba hii kwenye uzi akaenda nayo jikoni. Huyo aanze kwa daktari.

Tiba Asili Orijino

Nina majani ya kuyeyusha kitambi ndani ya siku 7, matokeo uhakika, njoo inboksi.

Bi Harusi Mstaafu

Kitambi chako mwenyewe tulikiona kwenye picha yako ya wasifu. Pita na njia.

Fundi Spika

Gramu 82 mbona kidogo sana? Robo kilo ya nyama ni gramu 250, si anakuwa amepitiliza mara tatu?

Nesi wa Zamani

@Fundi Spika hapana baba, nyama si protini tupu, ina maji na mafuta ndani. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, ikishaiva, zina protini kama 26. Yai moja kama 6. Maharage yaliyoiva, kikombe kizima, kama 15. Glasi ya maziwa au mtindi, 8.

Mama Pacha, hebu niandikie ulichokula jana. Wewe, si familia.

Mama Pacha wa Tegeta

Asubuhi chai ya rangi na chapati mbili. Mchana kazini wali maharage, maharage kile kibakuli kidogo. Usiku ugali na nyama.

Nesi wa Zamani

Nyama finyango ngapi?

Mama Pacha wa Tegeta

Hapo dada umenishika pabaya. Nusu kilo, watu sita. Nampakulia baba, napakulia pacha wangu wanaosoma, na mdogo wangu na binti wa kazi. Mimi nikabaki na finyango mbili ndogo na mchuzi, nikamalizia na ukoko wa ugali. Sasa ndiyo naandika hapa naona kumbe ni kila siku.

Nesi wa Zamani

Nilijua. Miaka thelathini wodini, sijakutana na mama anayejipakulia kwanza.

Tuhesabu kwa kukadiria. Chapati mbili 12. Wali 6, maharage 7. Ugali 11, finyango zako mbili 12. Jumla 48, na zaidi ya nusu imetoka kwenye unga na mchele. Nyama haikosi kwako kweli, ila kwenye sahani yako haifiki.

Kocha wa Mtaa

Shikamoo dada. Nafundisha mazoezi, wateja wangu wengi ni akina mama wa umri wako. Nakubaliana na Nesi, naongeza mawili.

Kwanza asubuhi. Chai na chapati inakufikisha saa nne, saa nne na nusu unatafuta andazi. Weka mayai mawili na mtindi glasi moja, hapo una 20, chapati ibaki moja. Protini inashibisha muda mrefu, na hata kuimeng'enya kunautumikisha mwili kuliko wanga. Lakini haifuti mafuta ya kukaangia. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori kama 120. Nimeona watu wanakula kidari cha kuku kilichoogelea, halafu wanalalamika protini haifanyi kazi. Karanga pia, kiganja kimoja basi. Gramu 100 za karanga zinapita kalori 550.

Pili, misuli haijengwi kwa kula tu. Chukua madumu mawili ya lita 5, jaza maji, yashike, chuchumaa na usimame mara 10, pumzika, rudia mara tatu. Siku tatu kwa wiki. Goti likiuma, anza bila dumu na kiti nyuma yako.

Omena Tupu

Niko Kisumu, huku dagaa tunaita omena. Wakavu wana protini kuliko nyama ya buchani, gramu 30 tu zinakupa kama 17. Mimi nawaosha maji ya moto, nawakausha kwenye sufuria bila mafuta mpaka waanze kunukia, ndipo naweka nyanya na kitunguu. Laki na ishirini ya kopo ni dagaa wa miezi mingapi?

Bi Harusi Mstaafu

Na usiku wa maharage usione umejinyima. Kikombe kizima, mboga za majani nusu ya sahani, ugali ngumi moja. Unga wa kopo si sumu, kile kijiko kinachokuja ndani ya kopo kina protini sawa na mayai matatu na nusu hivi. Basi kula mayai.

Mama Pacha wa Tegeta

Wakuu nimerudi baada ya wiki saba, msije mkasema nilikula ushauri nikasepa.

Mzani unasoma 81. Kidogo, najua, ila kiuno kimetoka sentimita 104 hadi 99, na sketi ya bluu imefunga. Asubuhi ni mayai na mtindi. Kazini naagiza maharage mara mbili na wali nusu, mama ntilie ameshanizoea. Madumu nabeba, wiki ya kwanza nilishuka ngazi kinyumenyume.

Kazi ilikuwa usiku. Siku ya kwanza nimetenga finyango zangu nne pembeni kabla sijapakua, mkono ulikuwa unatetemeka kama naiba. Siku ya tatu baba akachungulia sufuria: "Leo nyama imepungua?" Nikamwambia haijapungua, imegawanywa kwa watu sita. Akanyamaza. Jumamosi amerudi na kilo nzima.

Joto la usiku liko pale pale, hilo nitaenda nalo kliniki. Kopo sijanunua. Yule dada amenuna.