Sanamu ya pembe ya ndovu ya Warega: nilipie kaboni-14, mtaalamu wa mitindo au hadubini?

Msafiri_Kale
Ndugu zangu, nimepata nafasi ya kununua sanamu ndogo ya pembe ya ndovu ambayo muuzaji anasema ni ya Warega wa mashariki ya Kongo na kwamba ilichongwa katikati ya karne ya 19. Uso wake una umbo la moyo na umebonyea kidogo, mwili umepambwa kwa viduara vyenye nukta katikati, na rangi yake inaelekea kwenye wekundu wa kahawia. Kabla sijatoa fedha ningependa kulipia uthibitisho mmoja kati ya mitatu: kipimo cha kaboni-14 (cha maabara, kinachokadiria umri wa kitu kilichotoka kwa kiumbe hai), maoni ya mtaalamu wa mitindo ya uchongaji, au uchunguzi wa hadubini na taa ya urujuanimno. Upi ungeniridhisha zaidi?

Mlinzi_wa_Nyaraka
Umetueleza uso wa sanamu ukaacha yote tunayoyahitaji ili tukushauri. Uko nchi gani, na muuzaji yuko wapi? Sanamu ina urefu gani? Imepitia mikononi mwa nani tangu ilipotoka Kongo, na je, kuna barua, risiti au picha ya zamani inayoionyesha? Ndovu wa Afrika aliingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1989, na tangu hapo kitu cha aina hii kisicho na nyaraka ni mzigo hata kama ni halisi.

Hadubini
Kabla ya kuuliza umri, hakikisha kwamba ni pembe ya ndovu kweli, kwa sababu Warega walichonga mifupa pia. Chukua lenzi nzuri uangalie mahali palipokatwa kwa upana, mara nyingi chini ya nyayo. Pembe ya ndovu huonyesha mistari inayopishana, iitwayo mistari ya Schreger, na karibu na ukingo wa nje pembe za makutano yake kwa kawaida huzidi nyuzi 115, ilhali kwenye pembe ya mamothi, jamaa wa ndovu aliyetoweka zamani, mara nyingi huwa chini ya 90. Mfupa huonyesha vitundu na vijistari vidogo vya giza ambavyo havimo katika pembe. Mtu akikuambia achome sindano ya moto ili athibitishe, mnyang'anye sanamu.

Baada ya hapo angalia namna ilivyochakaa. Sanamu hizi zilimilikiwa na watu wa cheo cha kindi, cha juu kabisa katika Bwami, chama cha Warega ambacho wanachama wake hupanda cheo hatua kwa hatua, nao walizipaka mafuta na kuzisugua mara kwa mara, kwa hiyo sehemu zilizoinuka kama pua, mabega na tumbo hulainika na kupoteza makali, wakati mifereji hubaki na makali yake. Mghushi anayechovya kitu kipya kwenye chai au pamanganeti (kemikali ya kutia rangi ya kahawia) hupata rangi iliyosambaa sawasawa, tena nzito zaidi katika kila mkwaruzo uliofanywa jana. Mimi ningechagua hadubini bila kusita.

Msafiri_Kale
Ahsanteni. Mimi na muuzaji sote tuko Uingereza. Sikudhani jambo hilo lina uzito. Urefu ni sentimita 14 hivi. Nyaraka hakuna, isipokuwa maelezo ya mdomo kwamba ililetwa Ulaya na afisa wa Kibelgiji.

Sheria_Kwanza
Lina uzito kuliko yote uliyoyauliza. Sheria ya Pembe za Ndovu ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inakataza kuuza na vilevile kununua. Msamaha wa vitu vya kabla ya 1947 unahusu vile ambavyo pembe iliyomo ni chini ya asilimia 10, na sanamu yako ni pembe tupu. Mlango pekee uliobaki kwa mtu binafsi ni cheti cha vitu vya kabla ya 1918 vyenye thamani kubwa isiyo ya kawaida kisanaa, kiutamaduni au kihistoria. Mwenye mali ndiye anayekiomba, ombi hugharimu pauni 250, na huchunguzwa na taasisi zilizoteuliwa, zikiwemo makumbusho. Ukinunua bila cheti hicho unaweza kushtakiwa, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka mitano. Kwa hiyo swali lako la kweli ni kama mchongo huu ni wa kabla ya 1918, na mwenye jukumu la kulijibu ni muuzaji, kwa gharama yake.

Chungu_cha_Mnada
Nami nina la kusema kuhusu kaboni-14, kwa kuwa liliikumba familia yetu. Mjomba wangu aliuziwa kinyago cha pembe na dalali aliyemwonyesha karatasi ya maabara, na katika orodha ya bidhaa kitu hicho kilitajwa kwa ujasiri kuwa cha karne ya 17. Maabara ilikuwa halisi na kipimo kilifanywa vizuri. Niliposoma karatasi yenyewe baadaye niligundua kwamba jibu lilikuwa na vipindi viwili, kimoja kikianzia miaka ya 1660 hadi miaka ya 1780, kingine kikianzia miaka ya 1790 hadi karibu 1950, na dalali alikuwa amejichagulia cha kwanza. Hapakuwa na udanganyifu wa maabara: katika karne hizo tatu kiwango cha kaboni hewani kilipanda na kushuka kiasi kwamba umri mmoja wa maabara huangukia miaka mingi tofauti. Juu ya hayo, kipimo hueleza tishu ya pembe iliota lini, wala hakielezi patasi iliigusa lini. Pembe ya zamani iliyokaa ghalani inaweza kuchongwa mwaka huu na maabara ikasema ukweli mtupu. Kinyago cha mjomba kilibaki na tundu chini ya kidevu palipotolewa unga wa kupimwa, na kila mnunuzi aliyekuja baadaye aliuliza kuhusu tundu hilo kabla ya jambo lolote.

Mlinzi_wa_Nyaraka
Hata hivyo kipimo hicho kina kazi moja kinayoifanya kuliko vyote. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliongeza kaboni-14 hewani tangu katikati ya miaka ya 1950 hadi ikakaribia mara mbili ya kawaida mnamo 1963, kwa hiyo pembe ya ndovu aliyeishi baada ya hapo hujulikana mara moja. Kinaweza kuitia hatiani sanamu yako, ila hakiwezi kuisafisha.

Mwana_wa_Shabunda
Wote mnapima kitu na kusahau wenyewe. Wabelgiji walipiga marufuku Bwami mwaka 1948, na sanamu nyingi zilitoka Urega katika miaka ya misukosuko ya namna hiyo. Sanamu iliyochongwa mwaka 1930 na kuonyeshwa mbele ya wanachama waliokuwa wakipandishwa cheo ni halisi kabisa kwetu, ingawa sheria ya huko haitaipa cheti, na iliyochongwa 1890 kwa ajili ya kumuuzia mgeni ni bandia yenye umri mkubwa. Ndiyo maana ningechagua mtaalamu wa mitindo, mradi asiwe anafanya biashara na muuzaji, na awe ameshika mkononi sanamu zinazojulikana, kama zile za makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji.

Hadubini
Mzee wangu, mtaalamu wa mitindo hudanganywa na mchongaji hodari anayenakili picha za vitabuni. Uchakavu wa miongo mingi haunakiliwi kirahisi.

Mwana_wa_Shabunda
Hunakiliwa, mwanangu. Nimeona sanamu mpya zikisuguliwa kwa mchanga na mafuta ya mawese mpaka pua ikayeyuka. Walikosea sehemu moja tu: walisugua mpaka mgongoni, mahali ambapo kidole cha mshikaji hakifiki.

Msafiri_Kale
Nimemwandikia muuzaji nikamwomba cheti. Amejibu kwamba ombi "liko njiani" na akaniuliza kama ninaweza kutanguliza nusu ya fedha.

Sheria_Kwanza
Muulize namba ya ombi. Na nusu hiyo usitoe.

Hadubini
Tuwekee na picha ya mgongo, yenye mwanga wa pembeni.