Wauzaji wa mashine za kapeti za kisasa mnatuumiza: bodi ikiungua, mashine nzima imekufa

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Niko Dar, kazi yangu ni kuosha kapeti, masofa na magodoro, majumbani, maofisini na misikitini. Nawaandikia wenzangu mnaokula kupitia kazi hii, hasa mliotumiwa zile video za WhatsApp za mashine mpya yenye kioo cha kugusa, mnaambiwa "hii inajiongoza yenyewe, wewe unasukuma tu". Msitume kianzio kabla hamjasoma hapa.

Kwa asiyejua, ni mashine ile ile ya kupuliza maji ya dawa kwenye kapeti na kuyanyonya hapo hapo pamoja na uchafu. Zile tulizozizoea zina swichi tatu: ya pampu, ya mota ya kunyonya na ya hita. Hita ikigoma, vingine vinaendelea. Mota ikianza kutoa cheche, kaboni zake (vile vipande vinavyogusa sehemu inayozunguka na kuipa umeme) zinapatikana Kariakoo na kesho yake uko kazini. Kwenye hizi mpya swichi zote zimeondolewa. Kasi ya mota, presha ya maji, joto, kiasi cha dawa, hata kujua kama tangi la maji machafu limejaa, vyote vinapita kwenye bodi moja iliyofichwa chini ya kioo. Bodi ikifa hakuna kinachobaki.

Yangu ilikufa wiki ya mwisho ya Shaabani. Anayefanya kazi hii anajua wiki hiyo ina maana gani: misikiti inataka mazulia yaoshwe kabla ya mwezi kuandama, na kila mwenye nyumba anakumbuka kapeti ya sebuleni. Tulikuwa msikitini, safu za mbele zimeshalowa, umeme ukakatika. Uliporudi kioo kikawaka, kikaandika herufi E na namba, kikabaki hivyo hivyo. Mota kimya, pampu kimya. Tukazima, tukachomoa, tukasubiri, tukachomeka tena. Herufi ile ile. Zulia limejaa maji na Alasiri inakaribia. Imamu alikuwa mtu wa subira, lakini niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama. Kilichotuokoa ni mashine kuukuu ya mwenzangu aliyoileta kwa bajaji. Ilichomekwa kwenye soketi ile ile, kwenye umeme ule ule, ikanyonya mpaka mwisho.

Na haikuwa aibu peke yake. Kapeti ikilala na maji zaidi ya saa 24 mpaka 48, kuvu inaingia kwenye mgongo wa zulia, na harufu ile haitoki tena kwa kuosha. Mtu akishakuharibia zulia la msikiti, mtaa mzima unajua.

Sasa sikilizeni majibu ya muuzaji. Kwanza, "tuma video". Nikatuma. Halafu, "bodi tutaiagiza". Nikasubiri. Mwisho wa yote nikaambiwa dhamana haihusu matatizo ya umeme. Wakuu, mashine ya umeme, imeuzwa Dar es Salaam na duka la Dar es Salaam, kwa mtu ambaye ataichomeka kwenye umeme wa Dar es Salaam kila siku ya maisha yake, halafu dhamana haihusu umeme! Kama mlijua kwamba haiwezi kuhimili umeme kukatika na kurudi, kwa nini mliileta? Kama hamkujua, mlikuwa mnauza nini?

Nikaipeleka kwa fundi, mtu mzoefu wa bodi, yuko Gerezani. Akaifungua mbele yangu. Kuna kile kidude cha duara cha bluu kinachokaa karibu na fyuzi, kazi yake ni kupokea umeme mkubwa ili usipite ndani. Kilikuwa kimepasuka katikati, kimeacha masizi. Kidude hicho ni cha bei ndogo sana. Lakini kilichokuwa nyuma yake kimemwagiwa gundi nyeusi ngumu, bodi nusu nzima. Fundi akajaribu kuichokonoa kidogo kidogo kwa hewa ya moto, na chini yake akakuta chipu ambayo namba zake zimekwanguliwa. Akaniambia, "Mzee, hapa hata nikijua imekufa sitajua nikuwekee nini." Gundi ile ninaielewa: mashine ya maji ina unyevu, bodi lazima ikingwe. Kukwangua namba za chipu hakuzuii unyevu wowote. Hiyo imefanywa ili nirudi kwao.

Mbaya zaidi, mota ni nzima. Fundi amepima koili zote tatu, ziko sawa sawa. Ila ni mota isiyo na kaboni, haizunguki mpaka bodi iigawie umeme kwa zamu. Huwezi kuiunga moja kwa moja ukutani kama zile za zamani. Kwa hiyo nina mota nzima, pampu nzima, hita nzima, matangi mazima, na hakuna kinachofanya kazi.

Tuje kwenye joto, kwa sababu hapa wanadanganya watu wengi. Tangazo linasema nyuzi 90, na kweli kioo kinaonyesha 90. Tupige hesabu. Lita moja ya maji kupanda nyuzi moja inahitaji takriban kilojuli 4.2. Tuseme mashine yako inatoa lita 2 kwa dakika, na hita ni ya wati 2,000. Hita hiyo itayapandisha maji yanayopita kwa nyuzi 14 hivi, basi. Maji ya bomba yakiwa nyuzi 28, kwenye kapeti yanafika na 42. Ukitaka nyuzi 90 mfululizo kwa mtiririko huo unahitaji karibu wati 8,700. Plagi ya ampea 13 kwenye volti 230 inatoa kama wati 3,000. Unahitaji soketi tatu nzima kwa ajili ya hita tu, bado hujawasha mota.

Sasa ile 90 ya kioo inatoka wapi? Kihisio kimewekwa kwenye hita, kinapima maji yaliyosimama. Ukibana mkono wa kupulizia unapata moto kidogo, kisha maji yanapoa huku kioo kikichelewa kushuka. Na mota mbili za wati 1,200 kila moja zikiwaka, bodi inaikata hita ili plagi isizidiwe. Hilo ni sawa kiusalama, silipingi. Lakini muuzaji anakuuzia kunyonya na joto kama vitu vinavyokuja kwa pamoja wakati mashine yenyewe inavipokezanisha. Wamarekani wenye mashine za kufungwa kwenye gari wanapata maji ya moto muda wote kwa sababu joto linatoka kwenye injini. Sisi tuko na soketi ya sebuleni.

Halafu kuna jioni, umeme ukishuka. Hita ya volti 230 ikipata volti 180 nguvu yake haipungui kidogo, inabaki kama asilimia 61. Ile ya wati 2,000 inakuwa 1,200 na kitu. Hita ya kizamani itapasha taratibu, kazi itaenda. Hii yangu ilikuwa inaandika kosa na kujizima katikati ya nyumba ya mtu.

Kitu kingine kilichonitesa kabla haijafa ni kihisio cha tangi la maji machafu. Mashine za zamani zina boya: maji yakipanda, boya linapanda, linaziba mdomo wa hewa, unasikia mlio wa mota unabadilika, unaenda kumwaga. Hii ina vijiti viwili vya chuma ndani ya tangi. Maji yakivigusa vyote, umeme mdogo unapita, bodi inajua tangi limejaa. Kwenye karatasi ni jambo zuri. Sasa fikirieni kapeti zetu: nyingi zimeshafuliwa na sabuni ya unga miaka na miaka, na haikusuuzwa ikatoka. Ukipuliza maji tu, povu linapanda. Povu nalo linapitisha umeme. Mashine inasimama, kioo kinasema tangi limejaa, unafungua, unakuta maji hayajafika hata robo. Unatia dawa ya kuua povu, unaendelea, inasimama tena, kwa sababu vijiti vimeshapakwa utando wa mafuta na sabuni. Ongeza maji ya kisima yenye chumvi ambayo wengi wetu ndiyo tunayotumia. Yanaacha ukoko kwenye vijiti na kwenye hita, kila kitu kinaanza kusoma uongo. Nikawa nabeba siki na brashi ya meno kila nyumba, kusugua vijiti. Mteja anakaa anatazama saa.

Sisemi elektroniki yote ni mbaya. Mota kuanza taratibu badala ya kushtuka ni msaada mkubwa ukiwa kwenye jenereta. Pampu inayochanganya dawa kwa kipimo inaokoa pesa na inalinda zulia la sufu, ambalo dawa kali ya magadi inaliharibu. Brashi inayosimama yenyewe ikinasa matamvua, hiyo naitaka kesho. Ila hayo yote yangeweza kuwekwa bila kuifanya bodi kuwa roho ya kila kitu. Wekeni swichi ya kuruka bodi kwenye mota na pampu, ili bodi ikifa mtu amalize kunyonya maji ya mteja. Hilo tu.

Na lile jibu la "nunua stabilaiza" nimelichoka. Stabilaiza ya kuhimili wati 3,000 na ushee ni mzigo wa kubebwa na mtu wake, upande nayo ghorofa ya nne isiyo na lifti. Wengine wanasema tumia friji gadi. Zile ndogo za friji nyingi ni za ampea 5, ukichomekea mashine hii unaiunguza. Tafuteni kinga ya ampea inayolingana na mashine yenu, yenye kuchelewesha umeme dakika kadhaa baada ya kurudi. Hiyo inabebeka, inaingia kwenye begi la vifaa.

Mtu akiniuliza leo anunue nini, kwanza namwambia aombe kuona bodi ya akiba ikiwa dukani, mkononi, na bei yake iandikwe kwenye risiti. Duka likisema "tunaagiza", ondoka. Asome kibati nyuma ya mashine, volti imeandikwa kutoka ngapi mpaka ngapi. Aulize nguvu ya kunyonya, siyo wati za mota, kwa sababu kinachofanya kapeti ikauke mapema ni kunyonya. Adai dhamana iandikwe wazi kuhusu umeme kukatika na kurudi. Kama kazi zako ni masofa na kapeti ndogo, ile Puzzi 10/1 ya Kärcher ina pampu ndogo ya lita 1 kwa dakika na haina hita wala kioo, na nawajua watu wanaoendesha familia nayo.

NYONGEZA: Wanaoniomba jina la duka kwenye ujumbe wa siri, silitoi kwa sasa. Naandaa malalamiko kwenda Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Ushindani ya 2003, na sitaki duka lipate kisingizio kwamba nimewachafua mtandaoni. Aliyewahi kufikisha jambo kama hili pale anielekeze vielelezo gani walitaka. Mimi nina risiti, kadi ya dhamana, picha za bodi, na meseji zote.

Na mafundi mliomo humu: kuna aliyewahi kung'oa hizi mota zisizo na kaboni akaweka mota ya kawaida ya inchi 5.7, ile ya milimita 145 hivi, na kuirudishia swichi za zamani? Nataka kujua kama mdomo wa hewa unalingana au lazima kuchonga kiti kipya, na mliunga vipi pampu. Pampu yangu ni ya volti 24, inapata umeme kutoka kwenye ile ile bodi iliyokufa.