Mswada wa mashairi ya Kimvita: niupeleke kwenye tuzo ulivyo?

Mwana wa Kibokoni:
Assalaam alaykum. Nina mashairi 62 na hadithi fupi 9, nilizoziandika kwa Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kwa miaka sita hapa Mji wa Kale, nami nanuia kushindania Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, kwa kuwa hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Ninapokwama ni kwenye lugha. Rafiki aliyenipigia chapa aliyasanifisha maneno yangu bila kuniuliza, kwa nia njema, na mshororo huu:

*Matozi yajaa mato, na moyo wanilemea*

ukawa "Machozi yajaa macho", na kina changu cha kati, ambacho ni "to" ubeti mzima, kikafa papo hapo. Je, nikirejesha Kimvita changu, waamuzi hawataona kuwa ni makosa ya tahajia? Na je, mashairi na hadithi vyaweza kukaa ndani ya mswada mmoja?

Bi. Makadara:
Wa alaykum salaam, mwanangu. Rejesha kila neno. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa hapa hapa Mombasa, alitunga *Sauti ya Dhiki* kwa Kimvita akiwa kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972. Diwani hiyo ikachapishwa 1973, na mwaka 1974 ikatunukiwa Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Na hiyo tuzo unayoilenga wewe, mshindi wake wa ushairi mwaka 2015 alikuwa Mohammed Khelef Ghassani wa Pemba, ambaye diwani yake yaitwa *N'na Kwetu*: lahaja imekaa pale jaladani, wala hakuna aliyemwambia aandike "nina". Aliyekupigia chapa alikusaidia vidole, hakuombwa masikio.

Mvuvi wa Likoni:
Naafikiana na Bibi, ila kwa sharti moja. Mwamuzi aweza kuwa ametoka Dodoma au Bungoma, na si haki kumwachia kazi ya kukisia, kwa hivyo tia sherehe fupi, yaani orodha ya maneno na maana zake, mwishoni mwa mswada, maneno thelathini au arubaini, si zaidi. Jambo hili si geni kwetu: mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa kale wa Mombasa, tunayasoma leo kwa kuwa Mwalimu Sikujua aliyakusanya, naye mmishonari Mwingereza W. E. Taylor akayahifadhi pamoja na maelezo, na bila maelezo hayo hata sisi wa Mvita tungebabaika mahali pengi. Tena uwe na msimamo. Ukiandika "mato" ubeti wa pili na "macho" ubeti wa tatu pasipo kina kukulazimisha, hapo ndipo msomaji atakapodhani umekosea.

Kuhusu kuchanganya, usifanye hivyo. Ushairi hushindanishwa na ushairi, na bunilizi na bunilizi. Mswada wenye vyote viwili hautakuwa na pa kukaa. Mashairi 62 ni diwani kamili. Hadithi 9 zipe muda, au utafute jarida la kuzitoa moja moja. Kuna watu watakaokutajia Tuzo ya Caine, lakini hiyo hutolewa kwa hadithi fupi moja iliyokwisha kuchapishwa kwa Kiingereza, ikiwemo tafsiri, kwa hivyo mswada wako wa Kiswahili hauingii huko.

Bi. Makadara:
Kwenye sherehe nimekubali. Na hizo hadithi, mwanangu, masimulizi yawe ya Kiswahili sanifu ukipenda, lakini mama wa Kibokoni akiwa anamkemea mtoto barazani, usimtie kinywani maneno ya mtangazaji wa habari.

Mwana wa Kibokoni:
Nawashukuru nyote wawili. Hadithi nimeziweka kando. Nimeanza kurejesha shairi la kwanza usiku huu, na nilipofika ubeti wa nne nimegundua kuwa hata "nti" aliigeuza "nchi", nami nilikuwa nimeifungia vina na "miti" na "viti". Kazi bado ni nyingi.