Kuzipa alama safari za baiskeli za kazini: tukio moja linaingia mara tatu

Bi_Pedeli
Habari za leo wakuu. Naenda kazini kwa baiskeli siku tano kwa wiki, Mikocheni hadi Posta hapa Dar, kupitia Daraja la Tanzanite. Strava, ile app ya kurekodi mazoezi, inarekodi zote, ila safari za kazini na mizunguko ya Jumamosi zinakaa kapu moja nisipozitia alama kwa mkono, na nikifika ofisini nawahi kubadilisha nguo, nasahau. Nataka zitengane kwa sababu tunaomba tujengewe sehemu ya kufungia baiskeli, na siwezi kwenda kwa bosi na kilomita za kukisia.

Basi nimeandika funksheni (programu ndogo) ya Python kwenye AWS Lambda, huduma ya Amazon inayoendesha kodi pale inapoitwa tu. Nikihifadhi safari, Strava inaipigia hodi, yaani inaitumia taarifa ya tukio. Yenyewe inaichukua ile safari, inapima kama imeanzia nyumbani na kuishia kazini au kinyume chake, kisha inaweka commute (alama ya safari ya kazini) kuwa true na kubadilisha jina liwe "Kazini". Shida mbili: tukio moja linaingia mara mbili, tatu, na safari nyingine hazitambuliki kabisa. Jana nimekesha na logi (kumbukumbu za funksheni).

fundi_wa_zamu
Pole dada. Strava inataka jibu la 200, yaani "nimepokea", ndani ya sekunde 2. Ukichelewa inapiga hodi tena, hadi mara tatu kwa jumla. Wewe unamaliza kazi yote ndipo unajibu. Na usiseme utajibu kwanza halafu uendelee, maana Lambda ikisharudisha jibu inagandishwa pale pale. Zifanye funksheni mbili: ya kwanza itupe namba ya safari kwenye SQS (huduma ya foleni ya ujumbe ya Amazon) na kujibu, ya pili iokote kwenye foleni na kufanya kazi.

Halafu ukibadilisha jina, Strava inatuma tukio jingine, la update (safari imebadilishwa). Pokea create (safari mpya) tu, la sivyo funksheni itakuwa inajiamsha yenyewe.

Msafiri_Tanga
Unapima kwa duara la mita ngapi kuzunguka nyumbani na ofisini?

Bi_Pedeli
50, kwa ile fomula ndefu ya umbali juu ya tufe.

Msafiri_Tanga
50 ni chache mno kwa Posta. Katikati ya maghorofa GPS inayumba. Weka kama 200. Na fomula hiyo iache, huku kwetu karibu na ikweta nyuzi ya latitudo na ya longitudo zinakaribia kulingana, kama kilomita 111 kila moja. Tofauti ikiwa chini ya nyuzi 0.002 pande zote mbili, umefika.

Tokeni, ule ufunguo wa muda wa kuingilia data za Strava, unaihuisha? Inakufa baada ya saa 6. Ukipewa mpya, hifadhi na ile ya kuhuishia, huenda nayo imebadilika.

Bi_Pedeli
Ahsanteni sana, kutoka moyoni. Nimefungua ramani ya safari moja iliyokataliwa: eti nimeishia mita 140 kutoka geti la ofisi! Nimegawa funksheni, nimepanua duara. Jana jioni na leo asubuhi, kila safari imepata alama mara moja tu. Gharama hakuna: Lambda inatoa miito milioni 1 bure kwa mwezi, mimi nina safari arobaini na kitu.

Sasa nazipitia za nyuma tangu Januari, kidogo kidogo, maana Strava ina kikomo cha maombi kwa kila dakika 15. Nimefika Machi. Kikao na bosi ni Alhamisi.