Vanishi nyeupe ya kationi haikauki chini ya LED ya nm 395

Themi_Mabati: Wakuu, habari za kazi. Karakana ipo Themi, Arusha, tunapaka vifuniko vya bati. Taa ya zebaki imetolewa, imefungwa LED ya nm 395 (nanometa, urefu wa wimbi la mwanga). Tangu hapo vanishi yetu ya kationi (inayokazwa na asidi inayozaliwa na mwanga) inatoka inanata. Mchanganyiko: epoksi ya sikloalifati (resini kuu), oksetani (resini nyepesi ya kuchanganyia) 15%, titani dioksidi 25%, chumvi ya salfoniamu (ndiyo inayotoa asidi ikipigwa na mwanga; mmumunyo wa 50%) 4%. Unene mikroni 15. Nimepandisha chumvi hadi 7%, wapi!

Resini_Njiro: Chumvi yako haiioni taa hiyo, mkuu. Salfoniamu hufyonza mwanga wa chini ya nm 340 hivi. Zebaki ilikupa 254 na 313, LED haina hata kimoja. Rudi kwenye 4%, ongeza dibutoksianthrasini 0.5% ya uzito wote, yaani gramu 100 kwa kilo 20. Hiyo hupokea mwanga wa 395 na kuipa chumvi elektroni. Iyeyushe kwanza kwenye oksetani kwa nyuzi 50 hadi 60, koroga mpaka chembe ziishe, ndipo umimine kwenye epoksi. Ikibaki punje utaona vidoa. Usishawishike na ITX (isopropilthioksanthoni, kipokea mwanga kingine) kwa sababu ya bei: inaelewana na chumvi za ayodoniamu, kwa salfoniamu nishati yake haitoshi. Tena 2005 kule Italia maziwa ya watoto yaliondolewa sokoni kwa ITX iliyotoka kwenye wino wa pakiti.

Themi_Mabati: Nikiweka 2% kabisa, nisije nikarudia?

Resini_Njiro: Utaharibu. Tabaka la juu litameza mwanga wote, litashika ngozi, chini pabaki mbichi na kucha ing'oe. Titani dioksidi ya aina ya rutaili nayo inakula mwanga wa chini ya nm 410 hivi, kwa hiyo tayari una mshindani. Usivuke 1%. Afadhali upake mara mbili, mikroni 7 kila mkono, na upunguze mwendo wa mkanda.

Vanishi_Moshi: Nyongeza. Masika hii unyevu ukipita 60–70%, maji hukatisha minyororo ya polima. Pasha bati nyuzi 40–50 kabla ya kupaka. Suuza vizuri sabuni ya kuoshea bati, maana alkali inaua asidi inayokausha. Chokaa kama kijazio ni vilevile. Na usipime kwa kitambaa chenye MEK (kiyeyushi cha kupimia ukavu) papo hapo: kationi huendelea kukaza gizani, subiri saa 24.

Themi_Mabati: Nimeelewa, wakuu. Sabuni yetu ni ya magadi, naanzia hapo.