Muuzaji wa cherehani anataka nilipe fedha zote kabla ya kutuma mzigo: je, nimwamini?

Mshonaji wa Tabora

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni fundi wa kushona hapa Tabora mjini, na kwa miezi minane nimekuwa nikijiwekea akiba ili ninunue cherehani ya umeme, kwa sababu hii ya miguu imeshanichosha na wazazi wanaoleta sare za shule hawapendi kusubiri. Juzi nimeona ukurasa wa Instagram unaojitambulisha kuwa ni duka la Kariakoo, na cherehani ninayoitaka wanaiuza shilingi 390,000, wakati hapa kwetu haipungui 600,000. Muuzaji anajibu haraka na kwa lugha nzuri, lakini anataka nitume fedha zote kwanza, tena kwenye namba ya kawaida ya simu, na anasema zimebaki mbili tu na bei hiyo mwisho wake ni leo jioni. Nilipomwomba mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam apite kuiona, alinijibu kuwa duka linahamishwa, hivyo kwa sasa wanauza mtandaoni peke yake. Bado sijatuma chochote. Naombeni ushauri.

Wakala wa Zamani

Dada, usitume. Nimekaa kwenye kibanda cha uwakala wa fedha kwa miaka sita, na maneno hayo ya kuhimizwa ulipe kabla ya jioni nimeyasikia kwa wateja wengi waliorudi kwangu wakilia.

Ukishaingiza namba na kiasi, simu hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri, na hapo ndipo mahali pa mwisho ambapo fedha bado ni yako. Lisome jina hilo polepole. Duka lililojipanga kwa kawaida huwa na Lipa Namba, na jina linalotokea ni lile lililoandikwa mlangoni na kwenye risiti. Ukiona jina la mtu binafsi, ujue unamtumia mtu, hulipi duka. Nalo jina la mtu lisikutulize, kwa kuwa zipo laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua lolote. Ndiyo maana namsihi kila anayesoma hapa abonyeze *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yake ya NIDA.

Siwezi kumsahau mama mmoja aliyeniomba nimsaidie kutuma 250,000 za kununua jokofu. Nilimsomea jina kwa sauti, likawa la mwanamume, ilhali yeye alikuwa ameniambia muuzaji ni mwanamke. Akasema, "Atakuwa mume wake, tuma tu." Alirudi baada ya saa mbili. Tulipiga huduma kwa wateja, tukaambiwa kuwa fedha ilikwisha kutolewa, na fedha iliyokwisha kutolewa hakuna wa kuizuia.

Kaunta ya Kariakoo

Nakubaliana na kaka hapo juu, ila naomba niongeze upande wa muuzaji, kwa sababu nami nauza mashine na wateja wangu wengi wako mikoani. Kutaka malipo ya awali si dalili ya wizi peke yake. Wapo wateja wanaoagiza, mzigo ukifika stendi wanazima simu, na sisi tunabaki na gharama ya basi kwenda na kurudi. Tofauti ni kwamba muuzaji wa kweli hakatai kukaguliwa.

Mpigie kwa video bila kumwarifu mapema. Mwombe aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke chini ya sindano, kisha aiwashe mashine na kushona kipande cha kitambaa huku unaangalia. Mimi hufanya hivyo kila siku na hainichukui hata dakika tano. Pia zikuze picha alizokutumia uangalie vilivyo pembeni, hasa soketi ya ukutani: ikiwa si ya aina tunayotumia hapa kwetu, huenda picha si yake. Ukurasa wenyewe, kwa akaunti nyingi, ukifungua sehemu ya maelezo ya akaunti utaona ulianzishwa lini na umebadilishwa jina mara ngapi. Na akikutumia picha ya stakabadhi ya basi, usiiamini hadi uwe umepiga simu ofisi ya basi kwa namba uliyoipata stendi, si namba aliyokupa yeye.

Niliyeumia Morogoro

Mimi nilishatuma, kwa hiyo naandika kwa ajili ya wale ambao wamechelewa kama mimi. Piga namba 100 ya huduma kwa wateja ya mtandao wako palepale ukiwa bado na ujumbe wa muamala, uombe fedha izuiliwe. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, nako utaulizwa namba iliyoutuma. Kisha nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa uliyoitoa, ukiwa na picha za mazungumzo yote, wala usiyafute kwa hasira kama nilivyofanya mimi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahitaji ushahidi ili ikusaidie. Siku mbili baadaye nilipigiwa simu na mtu aliyedai ni mfanyakazi wa mtandao anayetaka kunirudishia fedha, ila nimtajie kwanza namba yangu ya siri. Nilikata simu. Nawaombeni nanyi mkate.

Mshonaji wa Tabora

Mungu awabariki. Nimezikuza zile picha: soketi iliyo nyuma ya cherehani ina matundu mawili ya duara, wala si matatu ya pembe nne kama yaliyo ukutani kwangu. Nilipompigia kwa video hakupokea, akaandika kuwa kamera yake ni mbovu, na nilipomwomba Lipa Namba ya duka akanifungia. Akiba yangu ninayo. Jumamosi mdogo wangu atakwenda Kariakoo mwenyewe. Kaunta ya Kariakoo, je, ni sawa akiomba mashine ijaribiwe kwa kitambaa kizito cha kaptula za shule, maana ndicho kinachonivunjia sindano?

Kaunta ya Kariakoo

Ni sawa kabisa, dada. Mwambie aje na kipande chake mwenyewe, akikunje mara nne, na asilipe mpaka aone mshono umepita bila kuruka.